Deni la Miaka

Kila bajeti inapoandaliwa huulizwa swali moja kuhusu makarani wa muda serikalini: wanatugharimu kiasi gani? Jibu hutolewa kwa shilingi, jedwali hujazwa, na mjadala huishia hapo. Swali la upande wa pili halina safu yake katika jedwali hilo: makarani hawa wametoa nini ambacho hakijalipwa? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba hawadai kitu, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi walipokea chao. Mimi siridhiki na jibu hilo. Naamini miaka ya utumishi huzaa kitu ambacho ujira wa mwezi mmoja mmoja, hata ukilipwa wote bila kuchelewa, haujakilipia. Kitu hicho ni deni, na mdaiwa ni serikali, yaani sisi sote tunaohudumiwa.

Mfano wangu ni Kenya. Ingia ofisi ya kaunti, chumba cha kumbukumbu za wagonjwa hospitalini au masjala ya ardhi, uulize nani anajua jalada fulani liko wapi. Huenda ukaelekezwa kwa mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya watumishi wa kudumu. Aliitwa kusaidia kwa miezi mitatu kwa sababu kazi ilikuwa imelundikana. Mitatu ikaongezwa mitatu mingine, na mingine tena. Si ajabu kumkuta karani aliyeingia kazini mwanawe akiwa chekechea, na leo mwanawe huyo amehitimu chuo na anatafuta ajira, ilhali mama mtu bado anasubiri barua ya kuongezewa muda.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa kila mwisho wa siku, ambaye hajaajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Tuitafakari fasili hiyo. Kwa mujibu wake kazi huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Kesho ni mapatano mengine, kana kwamba jana haikuwapo. Kwa mtu anayepakua mizigo leo na kesho akaenda kutafuta riziki kwingine, fasili hiyo inaeleweka. Kwa karani haieleweki kabisa, kwa sababu kazi yake ni kuiweka jana isipotee. Serikali inamtaka akumbuke kila kitu kwa miaka ishirini, na yenyewe inamkumbuka kwa siku moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumhimiza mgeni asikae bure. Lakini ina upande mwingine ambao hatuusemi mara nyingi: anayeshika jembe amekwisha kuwa mwenyeji, na aliyelima pamoja na watu wa nyumba ana haki ya kula nao bila kuulizwa ataondoka lini. Karani wa muda alikabidhiwa jembe siku ya kwanza, na hadi leo anaitwa mgeni. Wajibu wa mwenyeji ameubeba wote, lakini haki ya kukaa hajapewa.

Anayekana kuwapo kwa deni huhesabu hivi: miaka ishirini ni miezi 240, kila mwezi umelipwa, basi yote imelipwa. Hesabu haina kasoro. Kasoro iko katika kudhani kwamba muda wa mwanadamu unaweza kukatwa vipande vinavyolingana, kipande cha kwanza kikiwa na thamani sawa na cha mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kina kazi ambayo haba moja haiwezi kuifanya. Miezi ikirundikana huzaa vitu ambavyo hakuna mwezi hata mmoja uliokuwa navyo peke yake.

Cha kwanza ni ujuzi. Karani wa masjala aliyekaa sana anajua kwamba eneo fulani liliandikwa kwa majina mawili katika madaftari ya zamani. Anajua ni jalada lipi lililodhaniwa kupotea na kumbe liliunganishwa na jingine. Anajua ni koo zipi zina majina yanayofanana hata mirathi yao ikachanganywa. Serikali ya Kenya ilipozindua mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa mwaka 2021, wengi waliuona kama kazi ya kompyuta. Lakini kumbukumbu za karatasi hazijiingizi zenyewe katika mfumo wowote. Lazima mtu azisome, azilinganishe na kuzisahihisha, na katika kazi ya namna hiyo aliyezizoea ni hazina. Ujuzi huu hakuuingia nao mwezi wa kwanza. Mwezi wa mwisho anao, lakini ujira wake ni ule ule wa mtu aliyeanza jana. Mtumishi wa kudumu hupata nyongeza kila mwaka kwa sababu tunakubali kwamba mwaka humwongezea mtu kitu. Kwa karani wa muda tunajifanya kwamba mwaka haumwongezei chochote.

Cha pili ni fursa alizoziacha. Mtu wa miaka 25 anaweza kujifunza ufundi, kuhama mji, kuanza biashara ikafa kisha akaanza nyingine. Akiwa na miaka 45 anashindana na kijana mwenye cheti kipya na mzigo mwepesi wa familia. Kila mkataba ulipoongezwa, ofisi ilipata miezi mitatu ya kazi, naye alitoa miezi mitatu ya ujana. Kazi ililipiwa. Ujana haukulipiwa, wala hakuna aliyewahi kuutaja katika barua.

Cha tatu ni imani ya watu. Mzee anayekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, au mjane anayefuatilia hati ya shamba la marehemu mumewe, haijui serikali kwa bendera. Anaijua kwa sura ya mtu aliye kaunta. Karani akimwambia, "Mama, rudi Alhamisi, itakuwa tayari," na Alhamisi ikawa tayari kweli, jina jema linalojengwa hapo ni la serikali nzima. Mama yule hakumuuliza karani kama ameajiriwa kwa masharti ya kudumu au ya miezi mitatu. Neno lake lilikuwa neno la dola. Basi ni haki kuuliza kwa nini dola inalitegemea neno la mtu huyu mbele ya wananchi, na yenyewe haiko tayari kumpa neno lake.

Tuyatazame malipo yenyewe. Karani wa kudumu katika serikali kuu ana daraja la mshahara, posho ya nyumba, likizo yenye malipo na tegemeo la uzeeni. Tangu Januari 2021, ulipoanza mfuko mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, kiwango kamili cha mchango ni asilimia 7.5 kutoka kwake na asilimia 15 kutoka serikalini kila mwezi. Karani wa muda aliye na bahati alikatiwa mchango wa mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao kwa miaka mingi hadi mapema 2023 ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwake na 200 nyingine kutoka kwa mwajiri. Piga hesabu: miaka ishirini kwa kiwango hicho ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Wawili hawa wamekaa meza moja, wametumia muhuri mmoja, wamefokewa na wananchi wale wale siku mtandao ulipokuwa chini. Wakifika miaka 60, mmoja ana pensheni hadi kufa kwake, na mwingine ana fedha zisizotosha kumtunza mwaka mmoja mjini.

Historia yetu inalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ilipendekeza mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu katika cheo kile kile. Hoja hazikukosekana: gharama ya maisha, asili ya mtu, mahali alipotoka. Waafrika walizikataa hoja hizo kwa sababu waliona jambo moja rahisi, kwamba kazi ni ile ile. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikaiondoa kanuni hiyo. Leo hakuna karani wa Kenya anayepunjwa kwa sababu ya rangi yake, na Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini tofauti ya malipo kwa kazi ile ile haijafa. Imehama kutoka kwenye ngozi ikaenda kwenye aina ya barua aliyopewa mtu alipoingia.

Tena makarani si watu wadogo katika historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1929 African Association ikazaliwa Dar es Salaam, makarani na walimu wakiwa miongoni mwa nguzo zake. Baadaye ikawa Tanganyika African Association (TAA), na mwaka 1954 ikageuka TANU, chama kilicholeta uhuru wa Tanganyika. Shaaban Robert, ambaye lugha yetu inamwita mshairi wake mkuu wa karne iliyopita, alikuwa karani wa serikali tangu 1926, kwanza katika idara ya forodha, kisha katika ofisi nyingine kadhaa. Kitabu chake Kusadikika kilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado mtumishi wa ofisini. Siwataji ili kusema kwamba kila karani ni mwanasiasa au mtunzi. Nawataja kwa sababu watu hawa walikuwa na akili na heshima ambazo mkoloni hakuziandika katika daraja la mshahara wao, na dola iliyoanzishwa na mikono ya makarani haina udhuru wa kulisahau hilo.

Hali hii ilitokeaje? Si kwa ukatili wa mtu mmoja. Mwaka 1993, serikali ya Kenya ikiwa chini ya shinikizo la wafadhili, ilianza mageuzi ya utumishi wa umma yaliyolenga kupunguza idadi ya watumishi. Watu walihimizwa kustaafu mapema na ajira mpya zikabanwa. Lakini watoto hawakuacha kuzaliwa, mashamba hayakuacha kuuzwa, wagonjwa hawakuacha kuandikishwa. Nafasi ziliondolewa kwenye karatasi, kazi ikabaki mezani, na pengo likazibwa kwa mikono isiyokuwa na nafasi. Mwaka 2013 serikali 47 za kaunti zilianza kazi, zikarithi watumishi wa zilizokuwa serikali za mitaa 175, wenye masharti ya kila namna. Miaka miwili baadaye, kanuni za fedha za kaunti zikaweka ukomo: mishahara na marupurupu visizidi asilimia 35 ya mapato. Ukomo huo una busara yake, kwa maana kaunti inayotumia fedha zote kulipa watu haijengi zahanati wala barabara. Hata hivyo, kila anayetazama takwimu za watumishi bila kutazama urefu wa foleni ya wananchi anaunda karani wa muda bila kujua.

Sheria haijakaa kimya. Kifungu cha 37 cha Sheria ile ile ya 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kutarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, hesabu yake inabadilika: anachukuliwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na haki za sheria hiyo zinamfuata. Naiona hii kuwa falsafa iliyoandikwa kwa lugha ya sheria. Bunge lilikiri kwamba muda hujikusanya, kwamba siku ya thelathini ni kitu tofauti na siku ya kwanza iliyorudiwa mara thelathini.

Lakini ofisi zimejifunza njia nyingine. Badala ya ujira wa siku, karani hupewa mkataba wa muda maalumu, wenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, kisha mwingine, kisha mwingine. Hapo mahakama zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa namna hiyo hukoma wenyewe tarehe yake ikifika, na kwamba mtu hawezi kudai uongezwe kwa sababu tu uliwahi kuongezwa. Ukiutazama mkataba mmoja peke yake, msimamo huo una haki: pande mbili zilitia saini, tarehe ilikuwa wazi. Ukiitazama mikataba arobaini iliyofuatana, unaona kitu kingine kabisa, yaani ajira ya kudumu iliyokatwakatwa ili isitambulike. Wafanyakazi wa sekta nyingine wamelipinga jambo hili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki zao. Mwaka 2025 wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mikataba tangu 2020, chini ya mpango wa Afya kwa Wote, walipiga kambi nje ya makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai masharti ya kudumu. Karani hana darasa litakalofungwa wala wodi itakayokosa muuguzi, na kwa hiyo kilio chake hakifiki mbali.

Kuna waliojibu kwamba makarani hawa walikubali masharti kwa hiari yao. Hoja hii huiheshimu saini na kumsahau mtu aliyeiweka. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya wafanyakazi wa muda wa jimbo la Punjab, ilisema kwa mantiki ambayo ingefaa isomwe hapa kwetu pia: mtu hakubali ujira mdogo kuliko wa mwenzake kwa kupenda, bali ili familia yake ile, na anayemfanyisha kazi kwa namna hiyo anamvunjia utu. Hiari ya kweli inahitaji njia mbili. Anayechagua kati ya mkataba wa miezi mitatu na njaa ya leo amechagua, lakini uchaguzi wake hauwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba masharti yalikuwa ya haki.

Wengine husema: hakuna aliyewaahidi kazi ya kudumu, na pasipo ahadi hakuna deni. Ni kweli ahadi ni deni. Lakini si kila deni limezaliwa na ahadi. Mtoto hakumwahidi mama yake lolote alipolelewa, na hakuna Mswahili atakayesema hadaiwi. Kuna madeni yanayozaliwa kwa kupokea. Anayepokea tena na tena, mwaka baada ya mwaka, akajua kwamba anayempa anaacha mengine ili aendelee kumpa, hawezi kusimama mwishoni na kusema, "Mimi sikuahidi kitu." Kupokea kwa muda mrefu ni kauli. Serikali iliyomwita karani kazini kila Jumatatu kwa miaka kumi na mitano imesema kwa matendo kwamba inamhitaji, na matendo hayo yana uzito kuliko aya ya mwisho ya barua.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya tatu, na sitaki kuipita haraka. Nje ya ofisi hizo kuna vijana maelfu waliosoma, wasio na kazi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahiki, na makabila yote, wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu wapate fursa sawa. Baadhi ya waliopo waliingia kwa simu ya mjomba au kwa fadhila za diwani. Kumfanya kila aliyemo kuwa wa kudumu ni kumfungia mlango kijana ambaye hakuwa na mjomba. Upande wa pili, Ibara ya 41 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, pamoja na ujira unaofaa. Ibara mbili, zote za haki, zinatazamana.

India imepambana na mgongano huo kwa muda mrefu. Mwaka 2006 mahakama yake ya juu ilikataa wazo kwamba kukaa kazini muda mrefu pekee kunampa mtu cheo cha kudumu, kwa sababu nafasi za umma ni mali ya raia wote. Hata hivyo ilizitaka serikali, kwa mara moja, ziwafikirie waliokuwa wametumikia miaka kumi au zaidi katika nafasi zilizoidhinishwa. Desemba 2024 mahakama hiyo ikaonya kwamba hukumu ya 2006 ilikuwa imegeuzwa silaha dhidi ya watu waliotumikia miongo kwa uaminifu katika kazi zisizokoma. Funzo ninalolipata ni kwamba haki ya kijana aliye nje ni ya kweli, lakini aliyeivunja ni mwajiri. Ni mwajiri aliyeziba nafasi kimyakimya badala ya kuitangaza. Ni mwajiri aliyenufaika na kazi ya bei nafuu. Kumwadhibu karani kwa kosa hilo ni kumtoza fidia mtu ambaye naye alidhulumiwa.

Kwa hiyo nafasi itangazwe, kijana aje na cheti chake, na karani aje na miaka yake, nayo ihesabiwe kuwa sifa halisi, ipewe alama, isipuuzwe kwa kuwa haikupigwa muhuri na chuo. Aliyeingia kwa jina la kubuni au asiyefanya kazi aondolewe. Huyo hajawahi kumpa mtu kitu. Atakayeshindwa kwa haki baada ya miaka mingi alipwe kiinua mgongo kwa kila mwaka aliotumika. Njia hii itagharimu fedha. Gharama hiyo haikuletwa na haki. Ilikuwapo siku zote, ila ililipwa na karani peke yake.

Yapo pia madhara yanayomfika raia ambaye hajawahi kuwaza habari za ajira ya mtu mwingine. Usalama wa kazi serikalini una kusudi kubwa kuliko kumstarehesha mtumishi: unampa uwezo wa kusema hapana. Bosi anapotaka tarehe ya risiti ibadilishwe, au jalada la kiwanja litoweke kwa wiki moja, wa kwanza kuombwa ni karani. Ibara ya 236 ya Katiba inamlinda mtumishi wa umma asionewe kwa sababu ya kutimiza wajibu wake kisheria, wala kufukuzwa bila kufuata taratibu. Lakini ukitaka kumwondoa karani wa muda huhitaji kumfukuza. Unanyamaza tu, tarehe inafika, barua haiji. Ulinzi mkubwa wa Katiba unazungukwa kwa ukimya. Kila karani asiye na uhakika wa mwezi ujao ni mlango uliolegea katika nyumba ya umma, na shamba litakalopotea kupitia mlango huo huenda likawa lako.

Tena kuna jambo la ndani zaidi, na hapa ndipo naona maana ya suala lote. Mwanadamu huishi leo kwa kuikopa kesho. Anapanda mche asioutarajia kuzaa mwaka huu. Anamwandikisha mtoto shule ya miaka minne. Anaweka dhamana ya mwenzake katika Sacco. Anatoa posa. Matendo haya yote ni ahadi, na anayeahidi anahitaji ardhi ya kusimamia. Karani wa muda anaombwa aishi bila ardhi hiyo. Benki inamuuliza mkataba wake unakwisha lini. Mwenye nyumba anamuuliza kama ataendelea. Mwanawe anamuuliza kama muhula ujao karo itakuwapo. Kwa wote jibu lake ni "Inshallah," na neno hilo tukufu la kumtegemea Mungu linalazimika kubeba uzembe wa ofisi. Anachonyang'anywa mtu huyu, kuliko shilingi, ni uwezo wa kuwaahidi watu wake.

Sisemi kila kazi ya muda ni dhuluma. Makarani wa uchaguzi huitwa, huhesabu kura, huondoka. Wahesabuji wa sensa ya 2019 walimaliza kazi, na sensa ikaisha. Muda wao ulikuwa mfupi kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa na mwisho, na wote walijua hivyo tangu asubuhi ya kwanza. Mkataba wa namna hiyo ni wa kweli. Dhuluma huanza pale kazi inapokuwa haina mwisho na mtu peke yake akapewa mwisho. Kusajili vizazi na vifo hakutakoma nchi hii ikiwa na watu. Kuweka kumbukumbu za ardhi hakutakoma ardhi ikiwapo.

Kwa hiyo naomba kanuni moja iwekwe. Afisa anayetaka kuongeza mkataba wa karani kwa mara ya tatu aandike katika barua, kwa jina lake na saini yake, tarehe ambayo kazi hiyo yenyewe itakuwa imekwisha. Aandike tarehe ya kazi kwisha. Tarehe ya mkataba kwisha haitoshi. Kama anaweza kuitaja na kuitetea, auongeze kwa amani. Kama hawezi, basi amekiri kwamba nafasi hiyo ni ya kudumu, na wajibu wake si kuongeza miezi mitatu tena: ni kuitangaza nafasi, kuihesabu miaka ya aliyeishikilia, na kuanza kumlipa deni lake.